Siku Jiwe Alipocheka

Mimi ni kinyozi, na kinyozi anasikia vichekesho kuliko watu wengi. Mtu ukishamfunga kitambaa shingoni na kumwinamisha kichwa hana pa kwenda, ataongea tu. Kwa hiyo naweza kusema bila kujisifu kwamba najua watu wanavyocheka. Kuna anayecheka kwa mabega. Kuna anayejipiga mapaja. Kuna yule ambaye lazima nizime mashine kwanza, nisije nikamwachia alama kisogoni. Lakini katika maisha yangu yote ni kicheko kimoja tu kilichowahi kunitisha, nacho kilikuwa cha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yule ambaye mtandao mzima ulimwita Jiwe.

Mambo yalianzia kwenye banda langu la kunyolea. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa, na yeye alikuwa kwenye benchi anasubiri zamu. Kwenye kiti nilikuwa na dereva wa lori, mtu wa maneno mengi, anasimulia siku aliyokwenda kujitambulisha ukweni suruali ikampasukia nyuma alipoinama kuwaamkia wazee, ikabidi aage kinyumenyume mpaka mlangoni, na huko mlangoni akamkanyaga mama mkwe. Banda zima lilivunjika mbavu. Mimi mwenyewe nilishindwa kushika wembe. Shemeji alikaa pale pale, mikono juu ya magoti, uso kama mtu anayesoma tangazo la kukatika umeme.

Dereva akamwona kwenye kioo, akaudhika. "We bwana, hujasikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Shemeji akafikiri kidogo. Akashusha kidevu, akasema kwa sauti ya chini, bila hata kupepesa: "Pole."

Hapo watu walikufa kwa mara ya pili. Dereva mwenyewe aliteleza kwenye kiti. Mteja mmoja alikuwa anarekodi kwa simu, na kabla sijafunga banda siku ile, watu nisiowajua walikuwa wanapita nje wakichungulia, wanauliza, "Yuko wapi yule wa pole?"

Kilichofuata kilikwenda kwa kasi ambayo mpaka leo sijaielewa. Shemeji akapanga chumba kidogo, akapaka ukuta rangi nyeupe, akaweka viti viwili na kamera. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: mgeni anakaa mbele yake na kujaribu kumchekesha mpaka akate tamaa. Wakaja wachekeshaji. Akaja mtu na bata anayecheza muziki. Wakaja pacha wanaoiga milio ya pikipiki mbovu, na bibi mmoja mwenye manyoya ya kuku aliyeapa kwamba hajazaliwa mtu asiyetekenyeka. Shemeji alikaa. Bata alipanda mpaka begani kwake, na bado yeye alikaa. Mwisho wa kila video, mgeni akishachoka na jasho linamtoka, Jiwe alishusha kidevu na kusema "Pole," basi, imekwisha. Watoto walisema hivyo shuleni. Nililiona neno hilo limechapwa kwenye fulana ya mtu aliyekuwa anavuka barabara.

Nyumbani kwetu hilo lilikuwa fumbo. Mke wangu alikuwa anaangalia video za mdogo wake huku anatikisa kichwa. "Huyu?" aliniambia. "Huyu alikuwa anacheka mpaka anajikojolea. Darasani alikuwa anatolewa nje kila siku. Baba akikohoa tu, yeye yuko chini ya meza."

Nilikuwa namnyoa mwenyewe kila wiki, kwa hiyo siku moja nikamuuliza. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu.

"Shemeji, unafanyaje?"

Akavuta mdomo wa chini kwa kidole akanionyesha ndani. Palikuwa na makovu madogo madogo ya meno, mengine ya zamani, mengine bado mekundu.

"Kinakuja kama kinavyomjia kila mtu," alisema. "Tena mimi kinanijia zaidi. Ila nakishusha mpaka tumboni, halafu nakikalia. Kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo."

"Halafu kinakwenda wapi?"

"Sijui. Hakirudi."

Nilidhani ananitania. Lakini baadaye aliniomba nimnyoe wakati wa kurekodi, kwa sababu mgeni wa siku hiyo alitaka mandhari ya kinyozi. Mgeni alikuwa fundi hasa. Alimwiga mganga wa meno anayeogopa meno, na mpiga picha alilazimika kutoka nje. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Jiwe kwa mkono wa kushoto. Usoni hakukuwa na kitu. Lakini chini ya kiganja changu ngozi ya kichwa chake ilikuwa inatetemeka, mtetemo mdogo mdogo wa haraka, kama kifuniko cha sufuria maji yanapoanza kuchemka. Niliondoa mkono. Nilikuwa nimewahi kuwaona wabeba mizigo na mabondia, lakini sikuwahi kugusa nguvu ya namna ile.

Basi akawa mkubwa. Kampuni moja ya vinywaji ilimchora kwenye ukuta mrefu karibu na daraja, uso mtupu, kopo la soda shavuni. Akapata meneja, kijana mchangamfu mwenye simu tatu, na meneja akaweka sharti moja: asicheke popote. Kila mtu ana kamera siku hizi. Video moja tu ya Jiwe anacheka harusini, kazi imekwisha. Kwa hiyo harusini hakucheka, sokoni hakucheka, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na majirani wenye madirisha, nyumbani napo akaacha.

Hapo katikati alizaliwa binti yake.

Mtoto yule alikuwa mcheshi tangu kitandani. Alimcheka mama yake, alitucheka sisi, alilicheka pazia. Akipakatwa na baba yake, alimtazama usoni kwa makini, akainua nyusi, akatoa tabasamu kubwa lisilo na meno, akangoja. Alingoja kweli. Halafu tabasamu likafifia taratibu, kama mtu aliyemsalimia mwenzake barabarani kisha akagundua kwamba siye. Alijaribu hivyo kwa miezi. Hata alipoanza kukaa mwenyewe, kisha kusimama kwa kushika viti, bado alijaribu. Kisha akaacha. Akawa anamtazama baba yake kwa uso ule ule, mkavu, na akigeukia kwetu anacheka tena.

Mke wa Jiwe alikuja kwetu asubuhi moja, mtoto mgongoni, akaketi jikoni na mke wangu. Mimi nilikuwa naosha vitaulo vya kazini.

"Wifi, jana nimemkuta mbele ya kioo," alisema. "Anajivuta mashavu kwa vidole. Namuuliza, unafanya nini? Ananiambia, nilitaka nimchekee mtoto, nimesahau inaanzia wapi."

Mke wangu aliacha kukatakata vitunguu. "Amwache basi huyo meneja na mambo yake!"

"Aache nini? Ndiyo kazi yake. Na anaipenda, wifi. Akiamka anawaangalia kwanza wale watu wake, halafu ndio anatuangalia sisi."

Ikaja siku ya onyesho kubwa. Meneja alikodi ukumbi wa michezo, Jumapili alasiri, viti vyote vikajaa, na watu wasiohesabika wakifuatilia laivu kwenye simu zao. Sisi familia tuliwekwa mbele. Jiwe alikaa katikati ya jukwaa, kwenye kile kiti chake, na mbele yake meza ndogo. Mpinzani wake alikuwa mchekeshaji wa redio ambaye sauti yake peke yake inatosha kuwachekesha watu. Yule bwana alifanya kila alichokijua. Ukumbi ulilia. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anaomba msaada kwa Mungu. Mwishowe mchekeshaji akapiga magoti, akaunganisha mikono, "Kaka, nina watoto, cheka hata kidogo," na watu wakapiga kelele mpaka dari likatetemeka.

Jiwe akashusha kidevu. Ukumbi wote ukamsaidia: "Poleee!"

Meneja akapanda jukwaani na kipaza sauti. Alisema kuna mgeni mmoja zaidi ambaye hata Jiwe hana habari naye. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatokea mke wa Jiwe, amembeba mtoto.

Nilimtazama mke wangu. Naye hakujua. Baadaye tuliambiwa kwamba wazo lilikuwa la meneja: baba ambaye hata mwanawe hawezi kumchekesha, nani atashindana na hilo tena? Alimwomba mama mtoto kwa siri, akidhani atakataa. Hakukataa.

Alipita katikati ya zile taa bila kumtazama mtu. Akamketisha mtoto juu ya meza, uso kwa uso na baba yake, akarudi nyuma hatua kadhaa akasimama, mikono kifuani.

Mtoto akautazama ukumbi. Akazitazama taa. Kisha akamtazama baba yake, na uso wake ukakauka. Walikaa hivyo, mawe mawili, moja kubwa na moja dogo, pua ile ile, nyusi zile zile. Watu walicheka kidogo, halafu kicheko kikawafia. Sijui kwa nini. Nadhani kila mtu aliona kwamba mtoto yule haigizi.

Akanyoosha mkono wake, akakiweka kiganja kidogo shavuni kwa baba yake, polepole, kama unavyompapasa mgonjwa. Alikuwa hajatamka neno la maana hata moja tangu azaliwe. Akashusha kidevu.

"Poe," alisema.

Kipaza sauti cha mezani kililipeleka neno lile mpaka viti vya nyuma kabisa.

Niliona mdomo wa chini wa shemeji unaingia ndani ya meno. Niliona shingo inakaza. Nilijua anakishusha, anakikalia, na kwa muda nilidhani ameweza, maana uso ulitulia kabisa. Halafu goti lake moja likaanza kuruka. Likafuata la pili. Akafumba macho. Sauti ya kwanza iliyotoka haikuwa kicheko. Ilikuwa mkwaruzo, kama kabati zito linaloburutwa sakafuni. Ukumbi ukashtuka. Ukatoka mwingine. Kisha akafungua mdomo, na kikatoka.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi. Kilikuwa kicheko cha dereva wa lori na suruali yake. Kilikuwa cha bata, cha wale pacha, cha bibi wa manyoya, cha mganga wa meno, vyote, vilivyokaliwa kwa miaka, na vilitoka kimoja baada ya kingine bila kumwachia nafasi ya kuvuta pumzi. Alimbeba mtoto, akateleza kwenye kiti mpaka sakafuni, mgongo ukaegemea mguu wa meza, na bado kinakuja. Machozi yalimwagika mpaka kwenye kola. Kilipanda kikawa chembamba kama cha mtoto wa darasani anayesubiri kutolewa nje, kikashuka kikawa kizito mpaka nikakihisi kwenye mbao chini ya miguu yangu.

Na katika ukumbi ule wote hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonisimamisha nywele. Maelfu ya watu walikuja kumwona anacheka, na alipocheka walinyamaza kama watu wanaotazama mto unaobomoa kingo zake. Mlinzi wa mlangoni alivua kofia. Yule mchekeshaji wa redio alikuwa bado amepiga magoti, mdomo wazi. Meneja alikuwa anawapungia mkono wapiga picha wazime, na hakuna aliyemwona.

Mtoto alikuwa amemshika baba yake masikio, anamkodolea macho. Akangoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja zamani. Halafu naye akaangua kicheko.

Mke wangu alinishika mkono. "Ndiye," alisema. "Huyo ndiye mdogo wangu."

Anguko lenyewe lilikuja taratibu kwanza, kisha ghafla. Siku za mwanzo kicheko kile kilisambaa kuliko video yoyote aliyowahi kutoa. Watu waliniletea simu zao bandani wanionyeshe, kana kwamba sikuwepo. Halafu upepo ukageuka. "Kumbe anaweza!" walisema. "Kama anaweza kucheka, basi siku zote alikuwa anatuchezea." Wengine walisema mtoto alifundishwa. Wengine, kwamba ameuza pambano. Waliokuwa wanamwita kaka wakamwita tapeli, na matusi waliyoandika mengine siwezi kuyarudia mbele ya mteja.

Akajaribu kurudi kwenye kile kiti. Nilikuwepo. Mgeni alikuwa kijana mwanagenzi, anatetemeka kwa woga, na kabla hajaanza chochote alisema, "Habari yako, kaka." Jiwe akapasuka. Alipopata pumzi, kijana akakohoa, na Jiwe akapasuka tena. Kila kitu kilimchekesha: kiatu cha mgeni, neno karibu, namna kamera ilivyomtazama. Sanduku lilikuwa limevunjika bawaba. Akabadilisha, akatengeneza video za kucheka. Lakini watu wanaocheka ni wengi duniani, na hakuna anayevuka barabara kwenda kumtazama mmoja wao. Wafuasi wakampa kisogo kwa makundi. Ya mwisho aliyorusha, nadhani tuliitazama mimi, mke wangu, na mtu aliyebonyeza kwa bahati mbaya.

Meneja akaacha kupokea simu, zote tatu. Kampuni ya vinywaji ikatuma wapaka rangi kwenye ukuta wa daraja. Nilipita pale wakati wanafanya kazi. Walianza kidevuni wakapanda juu; niliporudi jioni yalikuwa yamebaki macho tu, makubwa kama madirisha, yanatazama magari. Nilisimama nikayatazama mpaka wakasogeza ngazi. Mtu aliyekuwa midomoni mwa watu wote alikuwa anafutwa kwa brashi ya kawaida na ndoo ya chokaa, na wapita njia hawakugeuza hata shingo.

Msidhani alilipokea anguko hilo vizuri. Alikaa sebuleni siku nyingi na simu mkononi, anatazama idadi inavyoshuka. "Nilikuwa nikiamka wapo, shemeji," aliniambia. "Nisipolala, wapo. Sasa kumenyamaza." Akalia, na katikati ya kulia akaona jinsi soksi yangu ilivyotoboka, akacheka, akakasirika kwa sababu amecheka.

Siku hiyo hiyo, mbele yetu, alimgeukia mkewe. Nadhani alikuwa amelibeba lile swali muda mrefu.

"Ulijua?"

Mkewe alikuwa anamvalisha mtoto. Hakuinua kichwa. "Sikujua. Nilitumaini."

"Umeniondolea kila kitu."

"Nilitaka kuona kama bado uko mle ndani," alisema. "Kama usingekuwepo, nilikuwa nimeshafunga mizigo. Ilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi, muulize mlinzi."

Shemeji aliweka simu juu ya kabati, akaenda akamsaidia kufunga kifungo cha nyuma cha gauni la mtoto. Hawakupatana siku ile. Walichukua karibu msimu mzima, wakinuniana, wakiongea kupitia mtoto, na mara kadhaa mke wangu alikwenda kuwasuluhisha akarudi amechoka kuliko wao. Lakini mizigo ilifunguliwa.

Kazi aliipata kwangu bandani. Fundi lifti mmoja, mteja wangu, mzee mpole wa maneno machache, alisema anatafuta mtu wa kumsaidia, asiye na papara, anayeweza kukaa mahali pa giza na pafinyu bila kuhangaika. Nikamwambia ninaye anayejua kukaa. Alipomwona hakumtambua, au alimtambua akanyamaza.

Mwezi uliopita nilikwenda kumnyoa mteja asiyepata nafasi ya kuja bandani, ghorofa za juu kwenye jengo moja la ofisi. Lifti ilikuwa imesimamishwa. Pale chini tulikuwa tumekusanyika, watu wa mafaili, mama mmoja na maua, vijana wa suti wanaotazama saa na kuguna. Mlango wa lifti ulikuwa wazi kidogo, umewekewa kizuizi.

Kicheko kikaja kutoka juu. Kwanza kwa mbali, kama redio ya jirani, kisha kikashuka na shimo lote lile la zege, ghorofa baada ya ghorofa, kikikua, mpaka kikatoka mlangoni na kujaa pale tuliposimama. Wale vijana wakaacha kuguna. Mama mwenye maua akainua uso.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Fundi wetu," alisema binti wa mapokezi. "Yuko hivyo. Yule mzee wake akidondosha bisibisi tu, basi."

"Hebu nyamazeni," mama alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Nikachukua mkoba wangu wa mashine nikapanda ngazi. Kila ghorofa nilikuta watu wametoka maofisini, wamesimama karibu na milango ya lifti iliyofungwa, wengine wameegemeza sikio kabisa. Mteja wangu alikuwa ananisubiri, lakini nilikaa kwenye ngazi za ghorofa ya tano, mkoba mapajani, nikasikiliza.